Milimita Tatu za Bi Ndoo

Alasiri ile haikuwa na ubaya wowote. Jumamosi, jua la kawaida, ofisi tupu. Binti wa mama yangu mkubwa, ambaye mimi namwita Dada tu, alikuwa peke yake ghorofa ya nne akimalizia jarida la shirika lao. Upweke haukuwa mgeni kwake. Miaka miwili alikuwa akipanga kurasa za watu wanaopongezana, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Isipokuwa mfagiaji. Ofisi nzima ilimwita Bi Ndoo na kucheka, kana kwamba wamevumbua kitu. Yeye alimwita Dada "mwanangu". Siku wafanyakazi walipojipanga kwa picha ya jalada, Dada akiwa nyuma ya kamera, ni Bi Ndoo peke yake, kule mwisho kushoto, aliyeuliza, "Na mpiga picha je, yeye atapigwa na nani?"

Wakamwambia anyamaze, watu watafumba macho.

Wiki mbili baadaye Bi Ndoo alidondoka kwenye shimo la lifti, akafa. Mlango wa lifti ile ulikuwa umeripotiwa kuwa mbovu mara tatu. Taarifa ya shirika ikasema "alijikwaa". Hebu nijibiwe: mtu anajikwaaje ghorofa ya nne akaja kutua chini kabisa? Wanawe walikuwa bado wanauliza swali hilohilo pale getini, ndiyo maana mkuu wa mawasiliano alimpigia Dada simu Jumamosi hiyo, wiki mbili kamili baada ya kifo. Hakufoka. Alisema tu kwamba yule mama asionekane kwenye jalada, na kwamba mkataba wa Dada ungejadiliwa Jumatatu. Mkataba ule ndio uliokuwa umebeba chumba chake, chakula chake, kila kitu chake.

Sasa, picha inayojaa ukurasa haiishii pale ukurasa unapoishia. Unairefusha milimita tatu zaidi kila upande, kisha kwenye kiwanda cha uchapaji kisu kinaziondoa, ili usibaki mstari mweupe pembeni. Fundi wa kiwanda alizoea kumtania Dada kwamba kisu chake hakina adabu, kisipoachiwa ziada ya kutosha kitakula hata sikio la mkurugenzi. Na tatizo lilikuwa hilo hasa. Jirani wa Bi Ndoo pichani alikuwa mwanasheria wa shirika, wamebanana. Kama Dada angemfuta Bi Ndoo mzima, ziada ingekosekana na mwanasheria angekatwa bega. Kwa hiyo aliikuza picha kidogo, akaisogeza kushoto mpaka yule mama akatoka nje ya ukurasa. Ukabaki ukanda mwembamba wa bega na mkono, ndani ya milimita zile tatu. Za kutupwa.

Sijamfuta, alijiambia. Kisu ndicho kitakachomfuta.

Akahifadhi faili, akalifungua kulikagua. Bi Ndoo alikuwa ndani ya ukurasa. Uso mzima, amevuka alama ya kukatia.

Macho yamechoka. Akaisogeza tena picha. Akahifadhi. Akafungua.

Sasa alikuwa amempita mwanasheria. Yuko mstari wa mbele. Anaangalia kamera.

Kwenye korido ufagio ukaanza kupita. Taratibu. Fyaa. Fyaa. Dada hakugeuka. Akasogeza picha. Akahifadhi. Ufagio ukafika mlangoni ukasimama. Harufu ya sabuni ya unga ikaingia kupitia chini ya mlango.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona. "Umekula?"

Wiki zote zile alikuwa amelikosa swali hilo, na sasa limekuja, na faili bado lilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuirudisha picha ilivyokuwa. Angeweza hata kuitikia.

Akabonyeza kutuma kiwandani.

Alipopata nguvu za kufungua mlango, korido ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa imelowa, imepigwa deki safi, kutoka mlangoni kwake hadi mlango wa lifti. Haikuwa na alama ya unyayo hata mmoja.

Jumatatu asubuhi fundi alimwita kiwandani. Nakala zilikuwa safi, mwanasheria mzima, Bi Ndoo hayupo. Lakini fundi hakutania. Alimpeleka nyuma ya mashine ya kukatia, panapoangukia vipande. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba nakala zote zimetoka kwenye bamba moja la kuchapia, kwa hiyo vipande vya upande mmoja lazima vifanane vyote. Hivi havikufanana. Alikuwa ameokota arobaini na kuvilaza mezani, kimoja ubavuni mwa kingine.

Kwa pamoja vilikuwa picha moja. Bi Ndoo mzima, anacheka. Mkono wake umelala juu ya bega la mtu aliyesimama naye.

Mtu huyo alikuwa Dada. Amefumba macho.

"Nyie wawili," fundi akanong'ona, "mlipigwa na nani?"

Dada hakwenda kutia saini mkataba ule. Alipitia getini, akawapa wanawe Bi Ndoo picha nzima, ile ya kwanza, kisha akaondoka bila kuaga. Anasema aliwapa akiwa amechelewa wiki mbili na siku mbili. Anazihesabu.

Siku hizi anakaa peke yake. Kwenye sherehe za ukoo, kila akipigwa picha anatokea pembeni, na ubavuni mwake pana nafasi ya mtu mmoja. Shangazi alimwambia asogee katikati, mbona anajitenga. Dada akamjibu kwa upole kwamba hajajitenga.

Mwezi uliopita nilimpiga picha mimi mwenyewe, mchana kweupe, yeye tu ukutani. Nikaikuza ile picha kwenye simu. Blauzi yake imebonyea begani. Vidole vinne.