Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa tupu, lakini mkanda mmoja wa nyuma ulikuwa umefungwa. Shaista aliuona siku ile alipokwenda kulitazama kule Heckmondwike. Ulikuwa mkanda wa kushoto, nyuma ya kiti cha abiria, umekaza juu ya kiti kitupu kana kwamba umemshika mtu. Muuzaji, mzee wa Kiingereza aitwaye Norman, alipenyeza mkono akaufungua upesi, kisha akaanza kusifia matairi.

Sisi watu wa Bradford, huku Uingereza, tumeuziwa magari mabovu hadi tumekuwa sugu. Shaista alisimama pembeni, akampigia simu mdogo wake Waqas, fundi wa magari, akamtajia namba ya gari. Huku kwetu ukiwa na namba tu, simu inakutolea kila ukaguzi wa mwaka tangu gari likiwa jipya: lilikaguliwa lini, lilifeli kwa nini, lilikuwa limetembea maili ngapi.

"Maili zinapanda vizuri, dada," Waqas alisema huku akitafuna kitu. "Hakuna aliyezichezea. Lilifeli mara moja tu, breki, wakazitengeneza. Chukua kabla mzee hajageuka."

"Umesoma yote?"

"Nimesoma yaliyoandikwa kwa nyekundu. Mengine porojo za wakaguzi. Sijui wipa imechoka, sijui tairi linaelekea kuisha. Nani anasoma hayo?"

Hilo ndilo kosa letu sote, wala tusimcheke Waqas. Tukiona maili zimenyooka na nyekundu ni chache, tunatoa pesa. Shaista akatoa. Alikuwa ameachika, kazi yake kuwazungukia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwapa dawa, na binti yake Hania, mtoto wa miaka sita, hakuwa na mwingine wa kumchukua shuleni. Mama yake Shaista alifunga kitambaa cheusi kwenye bampa kuzuia kijicho, akasoma, akapuliza, akarudi jikoni kwenye chapati zake.

Wiki ile ile ikaanza harufu ya maziwa yaliyochacha. Shaista alisugua viti kwa sabuni na siki, harufu ikazidi. Na kila asubuhi aliukuta mkanda wa kushoto umefungwa tena.

"Hania, acha kuchezea mikanda."

"Si mimi, Mama. Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Anayekaa hapo. Anasema nisimkalie."

Shaista alicheka kicheko cha kujikaza. "Mwambie basi alipe nauli."

Hania hakucheka. Alikaa upande wa kulia, akanong'ona na kiti kitupu njia nzima, akinyamaza mara kwa mara kama mtu anayesikiliza jibu.

Desemba huku kwetu, saa kumi alasiri giza limeshaingia. Siku moja walikuwa wanatoka shuleni, mvua inapiga kioo, foleni imekwama kwenye mteremko, Hania akasema kwa sauti ndogo, "Mama, anasema leo haufunguki," na Shaista alipotazama kwenye kioo aliona mkanda wa binti yake ukijivuta wenyewe, taratibu, kwanza juu ya koti, kisha ukipanda kifuani, kisha shingoni, na harufu ya maziwa ikajaa hadi machozi yakamtoka, na upande wa kushoto, pale pasipo na mtu, godoro la kiti lilikuwa limebonyea.

Alivuta breki, akarukia nyuma kupitia katikati ya viti, akaingiza mkono wake mzima kati ya mkanda na koo la mtoto. Alisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kupayuka. Akakosea, akarudia, akakosea tena, mwishowe akapiga kelele, "Mwachie mwanangu, mwanaharamu wewe!" Magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi. Mkanda ukalegea.

Usiku ule hakulala. Alikaa na alama nyekundu ya shingo ya Hania chini ya mkono wake. Kulipokucha akamketisha Waqas mezani. "Soma. Yote. Hata porojo."

Waqas alisoma, na rangi ikamtoka usoni. Kila mwaka, tangu ukaguzi wa kwanza kabisa, mkaguzi alikuwa ameandika jambo lile lile. Mwaka mmoja mjini Hull, mwingine Stoke, mwingine Swansea, wenye gari tofauti, wakaguzi tofauti: *Nyuma kushoto, kiti cha mtoto kimefungwa, mkanda wa mtu mzima haukuweza kukaguliwa.*

"Mtoto gani huyu hakui, dada?" Waqas alinong'ona.

Shaista alimpigia Norman. Mzee akasema, "Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa mtoto, binti yangu. Kiti cha mtoto sijawahi kuwa nacho. Niliposoma alichoandika mkaguzi niliogopa, nikauza. Nisamehe."

"Sikusamehi," Shaista alisema, akakata simu.

Shehe Ghazanfar wa msikiti wa mtaani alikuja mchana na chupa ya maji aliyoyasomea. Aliweka kiganja juu ya paa la gari, akakiondoa kama aliyegusa tawa la chapati likiwa motoni.

"Ni jini, na limejichagulia kiti," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kulinyang'anya. Nitasoma, lakini ushauri wangu, mwanangu, liuze gari."

"Nimuuzie nani, Shehe? Mama mwenzangu?"

"Basi tulichome moto," Waqas alisema.

"Na kazini nikaende kwa mbawa? Gari ni langu. Atashuka yeye." Aligeuka, macho makavu. "Hakuna mkaguzi aliyewahi kuushika mkanda ule. Leo atashikishwa. Waqas, washa gari, tunakwenda kukaguliwa. Hania abaki na bibi yake. Mimi nakaa nyuma kushoto."

"Dada, una wazimu."

"Ninao. Washa."

Shehe alimpa chupa. Shaista akasema bismillahi, akakaa juu ya ubaridi ule uliobonyea, akajifunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Hawakufika hata mwisho wa mtaa. Mkanda ulimkaza tumboni, kisha mbavuni, pumzi ikabaki nusu, na sikioni ikaja sauti ya kitoto, tamu, ya kubembeleza, ikisema nipe yule mdogo nikuache upumue, mama wote wa gari hili wamekuwa wakihama, wewe nawe hama, na mikono midogo baridi ikamsukuma mgongoni kutoka ndani ya kiti, ikisukuma na kusukuma, huku Waqas akilia na kuendesha na kusoma alichokumbuka, na Shaista, midomo imeshageuka buluu, akang'ang'ania mlango na kujibu kwa kile kidogo cha pumzi kilichobaki:

"Sihami. Hama wewe."

Alimwaga maji ya Shehe mapajani mwake, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Alikuwa mnene, Alhamdulillahi. Kitu kikalia chini yake, mara moja, kama paka aliyekanyagwa.

Kwenye karakana ya ukaguzi mkaguzi alifungua mlango, akamkuta amelowa, anatweta na anatabasamu. Mkanda ulifunguka kwa kidole. Mkaguzi aliuvuta mpaka mwisho, akauachia, akauvuta tena, akaandika kuwa ni mzima. Waqas aliketi sakafuni akicheka na kulia pamoja. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya siki tu.

Shaista alikuwa anafunga vifungo vya koti ndipo aliposikia kichanga kinalia. Gari la pili kwenye foleni, mwanamke kijana wa Kizungu alikuwa amegeuka nyuma kumtuliza mtoto wake. Kilio kikakatika ghafla, katikati. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na maziwa yaliyochacha yalinuka hadi pale alipokuwa.

"Dada, twende," Waqas alisema akimshika mkono. "Si letu tena. Twende nyumbani."

Shaista alijinasua. Alitembea hadi kwenye lile gari, akafungua mlango wa nyuma bila kubisha.

"Mtoe mtoto wako, mdogo wangu," alimwambia yule mama. "Upesi. Mimi nataka kukaa hapo."