Alichoandika Mama Kidoti Kwenye Fomu

Mama Kidoti alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Kazi yake ilikuwa mashuka. Shuka lilitoka kwenye mashine limejikunja kama tambara la kupigia deki. Yeye alilinyoosha, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya mengine, pembe kwa pembe.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Mtoto wao wa pekee alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na doa dogo jeusi juu ya mdomo, basi jina la Kidoti likamganda.

Mwaka huo ghala lilipunguza zamu. Mlinzi akabaki na siku tatu za kazi kwa wiki. Nyumbani chakula kikawa cha kupimiana, na pesa ya chakula cha mchana cha Kidoti shuleni ikakatika. Wenzake walipopanga foleni jikoni shuleni, yeye alikunywa maji bombani, kisha akarudi darasani kukaa na kitabu. Mara mbili mwalimu alimkuta amelala juu ya dawati.

Fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeleta habari.

“Shuleni kuna msaada wa chakula,” alisema. “Fomu iko kwa karani, wala hailipiwi. Mimi naenda Jumatatu kwa ajili ya wanangu. Twende.”

“Watu watasema mume wangu ameshindwa kulisha mtoto mmoja.”

“Waseme. Wakimaliza kusema, watampa sahani?”

Wakaenda. Walibeba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, barua za waajiri, na barua ya ofisi ya mtaa. Fomu ilikuwa kurasa mbili. Mama Kidoti aliijaza amesimama, ameegemea kaunta. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja mwenye miwani alichungulia juu ya bega lake.

Alijaza jina la mtoto. Alijaza darasa, na idadi ya watu nyumbani. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichoandikwa: Kiwango cha elimu cha mzazi au mlezi.

Yeye aliishia kidato cha pili. Baba yake alipougua, yeye aliacha shule ili amuuguze, na hakurudi tena. Kalamu ikasita. Mwanamke wa miwani akakohoa. Mama Kidoti akaandika haraka haraka: Kidato cha nne. Akasaini chini, palipoandikwa: Nathibitisha kwamba maelezo haya yote ni ya kweli.

Ile sentensi ilimrudia kichwani alipokuwa tayari yuko nje.

Baada ya wiki mbili jibu lilikuja katika bahasha. Kidoti amekubaliwa. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akiongea tangu mlangoni.

“Mpishi aliniuliza kama nimeshiba, mama. Nikasema bado. Akaniongeza.”

Mama alitabasamu, lakini moyo haukutulia. Mtu akipita na karatasi mkononi, alishtuka. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Kazini alisahau pasi juu ya shuka mpaka likaungua.

“Shuka limekukosea nini?” msimamizi akamuuliza.

Mumewe naye aliona.

“Mke wangu, umekalia siafu?”

Akamweleza yote. Mlinzi akacheka, kisha akaacha kucheka.

“Mtoto anakula?”

“Anakula.”

“Basi funga mdomo. Ukienda kuwaambia ulidanganya, watalifuta jina lake. Na mimi hapa sina la kumpa.”

Akafunga mdomo wiki nzima. Jumatatu jioni fundi cherehani akaja akipunga karatasi.

“Bahasha yangu ilikuwa na hii pia. Wananiita darasani, bibi mzima mimi. Ni masomo ya watu wazima wa kumaliza sekondari. Unasoma Jumamosi na jioni mbili, palepale shuleni. Mwisho unafanya mtihani, unapata cheti.”

“Nani aliwaambia hukumaliza?”

“Si niliandika mwenyewe kwenye fomu? Kidato cha kwanza, muhula mmoja na nusu.” Akacheka. “Wewe wasingekuita. Wewe ndiye msomi wetu.”

Mama Kidoti hakucheka. Aliitaka ile karatasi mpaka mikono ikamwasha. Lakini ili aipate ilibidi aseme ukweli, na ukweli ungeweza kuondoa sahani ya Kidoti.

Kesho yake, saa ya mapumziko ya mchana, alifika hadi kwenye geti la shule. Akawaona watoto kwenye foleni. Kidoti alikuwa wa nne, ameikumbatia sahani kifuani. Mama akageuka, akarudi kazini. Siku iliyofuata akaja tena. Akaenda mbele, akarudi nyuma.

“Mama,” mlinda geti akamwita, “unaingia au unapima geti?”

Akaingia.

Karani alikuwa mzee mwenye kalamu sikioni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu, keti.”

Hakuketi. “Niliandika uongo kwenye fomu. Kwenye elimu. Niliandika kidato cha nne, lakini niliishia cha pili. Mwanangu ataondolewa?”

Karani akatoa faili, akaifungua taratibu.

“Kwa chakula tunaangalia mambo matatu,” alisema. “Watu wangapi mko nyumbani, kazi za wazazi, na barua ya mtaa. Hapo ulidanganya?”

“Hapana.”

“Basi sahani ya mtoto ipo palepale. Kisanduku hiki ni cha mwalimu wa watu wazima. Anapitia fomu zote akitafuta wazazi ambao hawakumaliza. Wewe ulijificha, naye akakupita.”

Hapo akaketi.

“Lakini nilisaini.”

“Ulisaini, na si jambo dogo. Ungedanganya kuhusu kazi, mtoto angeondolewa kweli. Sasa turekebishe. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika. Usikifute. Andika la kweli juu yake, saini pembeni, weka na tarehe.”

Mama Kidoti akafanya hivyo.

“Siku nyingine usipojua kisanduku ni cha nini, niulize. Niko hapa kwa kazi hiyo. Na foleni ikikusumbua, nenda na fomu nyumbani ukaijaze umekaa.”

“Nami nataka kusoma, mzee, lakini ripoti yangu ya shule ilipotea zamani.”

“Utapewa jaribio dogo, waone unaanzia wapi. Umri hauna shida. Ila jiandikishe kabla ya Ijumaa.” Akampa karatasi.

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo sahani ipo?”

“Ipo. Na mimi nina shule Jumamosi.”

“Na sare yangu nani ataipiga pasi?”

“Pasi unajua inapokaa.”

Jumamosi ikafika. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yakagonga mbao. Mwalimu, kijana wa rika la mdogo wake, aliandika hesabu ubaoni, akaifanya mpaka jibu likatoka.

“Mmeelewa?”

“Ndiyo,” darasa zima likaitikia. Fundi cherehani aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mama Kidoti alitazama ubao. Akatazama daftari lake. Akanyoosha mkono.

“Mimi sijaelewa, mwalimu. Hapo ulipohamisha namba upande wa pili, nimepotea.”

Watu wakageuka kumtazama.

“Afadhali umesema,” fundi cherehani akamnong’oneza. “Mimi nilipotea tangu mstari wa kwanza.”

Wa nyuma yao wakasikia, wakacheka. Mwingine akasema hata yeye. Mwalimu akafuta ubao wote, akaanza upya, polepole.