Tumpeleke au Tumwache

Foleni ya kuingia supamaketi ilikuwa imezunguka hadi kwenye maegesho. Watu walisimama wameachana nafasi kama nguzo za umeme, kila mtu na barakoa yake, wakisogea polepole kuelekea kwenye ndoo ya maji na kwa mlinzi aliyekuwa akiwapima joto kwenye paji la uso. Mwanamke mmoja kijana, mwenye gauni la kijani lililonyooshwa vizuri na raba nyeupe za kazini, alikuwa amembeba bintiye kiunoni. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu ndani ya ovaroli ya bluu, vidole vyake vimeingia grisi. Zamu yake ilipofika, akainama kunawa. Mtoto akanyoosha mkono, akashika kamba ya barakoa ya yule mwanamume, akavuta.

Ikatoka yote, ikatumbukia kwenye ndoo.

"Wewe! Barakoa!" mlinzi alifoka.

Mwanamume alibaki ameduwaa, mikono imejaa povu. Mama alikuwa na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, hakujua ashike kipi. Mtoto yeye hakuwa na habari. Alikuwa amezaliwa watu wakiwa wameshajifunika. Nje ya mlango wa kwao, binadamu wote walikuwa macho na paji la uso tu. Sasa alimkodolea huyu bwana kana kwamba jua limetoka mahali pasipo pake.

"Mdomo," alinong'ona. Kisha akapaza sauti, "Mama! Ana mdomo!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Ninao, mwanangu," yule bwana alisema. "Na meno pia, ila usimwambie mtu."

"Samahani sana, kaka," mama alisema, huku akihangaika kufungua mkoba. Akatoa barakoa mpya na kumpa. "Huyu ndiye tunamwita Chiriku. Mdomo haufungwi na mikono haitulii."

"Nitairudishaje?"

"Barakoa? Hairudishwi."

"Basi nipe namba ya simu nikushukuru."

"Si umeshukuru sasa hivi?"

"Bado. Shukrani zangu mimi huwa zinachelewa kufika."

Mwanamke akacheka. Mwanamume hakukiona kicheko chenyewe, aliona macho tu yakijikunja pembeni na kung'aa. Macho yale yalimtosha kutwa nzima.

Shukrani zilifika jioni hiyohiyo, zikaendelea kufika kila siku.

"Uko wapi saa hizi?" Mama Chiriku alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Niko juu ya lifti."

"Ndani ya lifti."

"Juu yake, mpenzi. Nimeikalia mgongoni kama punda. Sisi mafundi lifti ndani hatupandi, kule ni kwa wageni."

"Na nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Limeponyoka. Huku juu kuna mwangwi, pengine hata si mimi niliyesema."

Mama Chiriku alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini. Kutwa alikaa nyuma ya kioo, amevaa glavu juu ya glavu, akidondosha matone kwenye vitundu vya sahani ya plastiki, kisha akisubiri mistari itokee kwenye kompyuta. Mstari ukilala chini, mtu anarudi kazini. Ukipinda kwenda juu, mtu fulani mahali fulani maisha yake yanageuka kabla hajapigiwa simu. Miezi yote ile hakuuzoea mstari unaopinda. Ulimfanya aogope na kustaajabu kwa pamoja: kitu kisichoonekana hata kwa jicho, na dunia nzima imekaa ndani kwa ajili yake.

Tena alikuwa na sababu yake. Chiriku akiwa bado wa kunyonya aliugua nimonia. Alilazwa na mpira wa oksijeni puani, kifua kikibonyea kila alipovuta pumzi, na mama yake akasimama pembeni ya kitanda akivuta pumzi naye, kana kwamba angeweza kuvuta kwa niaba yake. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda zake zamani, kabla hata tumbo halijaonekana. Tangu mtoto aruhusiwe kutoka hospitali, dunia yake ilikuwa fleti ya ghorofa ya sita, bibi yake, dirisha, na mara mojamoja foleni ya supamaketi.

Walianza kukutana kwenye benchi la bustani karibu na hospitali, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, Chiriku katikati akitafuna biskuti. Siku ya kwanza Mama Chiriku aliposhusha barakoa anywe maji, fundi alimkodolea macho.

"Kulikoni? Nimekutisha?"

"Nilikuwa nimekuchora kichwani," alisema taratibu. "Kumbe nimekosea kote."

"Yaani mimi mbaya?"

"Yaani mimi si mchoraji."

Mama Chiriku akageuza uso pembeni, akijifanya anamfuta mtoto makombo.

Likizo ndiyo iliyowaponza. Fundi alipata ruhusa kazini, na shangazi yake alikuwa na nyumba milimani, karibu na maporomoko ya maji, imefungwa tangu wageni wakome kuja.

"Twende wote watatu," alisema kwenye simu. "Kule hakuna mtu. Hewa tu na majani."

"Sasa hivi?" Mama Chiriku aliketi kitandani. "Unajua ninachokiona kazini kila siku?"

"Najua. Lakini si umesema wagonjwa wanapungua?"

"Kupungua si kuisha. Na Chiriku kifua chake unakijua. Akiugua kule milimani nitamkimbiza wapi?"

Fundi aliisikia hofu kwenye sauti yake, akataka kuipunguza, akachagua maneno mabaya kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Basi kama ni hivyo, tumwache na bibi yake. Twende sisi wawili."

"Tumwache?"

"Kwa siku chache tu, mpenzi. Upumzike kidogo."

"Nipumzike kutokana na nini? Kutokana na mwanangu?" Sauti yake ilipoa kabisa. "Asante, fundi. Afadhali nimejua mapema."

"Hapana, sikiliza..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Kesho yake haikuita kabisa.

Mama Chiriku alifanya kazi kwa hasira wiki ile, anaingia mapema na anatoka wa mwisho. Mama yake alimwangalia tu, mpaka siku ya mapumziko mvua iliponyesha mchana.

Ilikuwa mvua ya jua, matone manene yanayomeremeta. Chiriku alikuwa amesimama kibarazani, nyuma ya vyuma, na maji yalikuwa yakichuruzika mbele ya pua yake. Akanyoosha kidole. Tone moja likamwangukia. Akaurudisha mkono haraka, akaufutia kwenye gauni, akamgeukia mwanasesere wake na kumwonya kwa ukali, "Usiguse! Chafu!"

Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo, akasimama na shuka mkononi.

"Umemsikia?" bibi aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Nimemsikia, mama."

"Mvua, mwanangu. Mtoto anaogopa mvua."

"Na mimi naogopa ugonjwa. Wewe huogopi?"

"Naogopa mno. Mimi mwenyewe siwezi kukwambia nenda wala usiende. Lakini yule kijana umemkasirikia kwa alichosema, au kwa sababu ulitamani kwenda?"

Mama Chiriku aliliweka shuka kando. Alichuchumaa karibu na binti yake, akautoa mkono wake nje kwenye mvua na kuuacha huko, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Chiriku alimtazama mama yake kama mtu anayetazama mwingine akishika moto. Akasubiri. Mama hakuungua. Kidole kimoja kidogo kikatoka tena, kisha mkono mzima.

Siku iliyofuata alimpeleka kwa daktari aliyemtibu zamani. Daktari akamsikiliza mtoto mgongoni, kifuani, tena mgongoni. "Mapafu yamepona," alisema. "Hatari haijaisha popote, hata nyumbani kwako. Ila ni ndogo zaidi penye hewa na pasipo watu. Ukienda, ujue hospitali ya karibu iko wapi. Uamuzi ni wako wewe mama."

Alirudi kazini akiwa na uamuzi nusu. Alipokuwa akikatiza ua wa hospitali, akamwona mwanamume mrefu ameketi kwenye viti vya wanaosubiri kupimwa, shati jeupe, nywele zimechanwa vizuri, mikono imesuguliwa mpaka grisi yote imetoka.

"Unaumwa?" alimuuliza bila salamu.

"Siumwi." Fundi alisimama, akarudi nyuma hatua moja kumwachia nafasi. "Nimejifungia ndani tangu siku ile. Leo nimekuja kupima. Nilijua hata ukinikataa, utanikataa nikiwa salama."

"Ulisema tumwache mwanangu."

"Nilisema. Nilikuwa nakutafutia mlango wa kukataa safari bila kunikataa mimi. Nikakosea mlango." Aligusa barakoa yake. "Mimi ninyi wawili sijawahi kuwatenganisha kichwani. Aliyenivua barakoa ni nani?"

Macho ya Mama Chiriku yalijaa. Alitaka kumshika mkono, akakumbuka walipo. "Majibu yakiwa mazuri," alisema, "na mimi nikipima, na mama akipima, tutakwenda. Kwa gari binafsi. Chakula kutoka nyumbani. Hakuna kusimama kwa mtu."

"Hakuna."

"Na nikisema turudi, tunarudi."

"Tunarudi."

Mistari yote ililala chini.

Waliondoka asubuhi kwa gari dogo la kaka yake fundi, Chiriku amefungwa kwenye kiti chake nyuma, madirisha wazi. Bibi alibaki kuilinda fleti, akidai kwamba milima alishaiona. Mji ulipoisha, mtoto aliacha kuongea sentensi, akabaki na majina: mti, ng'ombe, mti, moshi, ng'ombe! Kila kitu kilimshangaza kwa ukubwa wake, kwa kuwa alivizoea vyote vikiwa vidogo, chini kabisa ya dirisha.

Kisha akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu.

"Geuza gari," Mama Chiriku alisema.

Fundi hakuguna. Aliwasha taa ya pembeni, akatazama kioo, akageuza. Mama Chiriku alimwangalia usoni akitafuta hasira, au ile subira ya kulazimisha ambayo wanaume huionyesha ili ionekane. Hakuiona. Fundi alikuwa akiangalia nyuma kupitia kioo. "Mpe maji kidogo," alisema. "Pengine ni vumbi. Ukitaka tupitie hospitali moja kwa moja, ipo njiani."

Alimpa maji. Mtoto akanywa, akapumua, akapiga miguu kwenye kiti. Wakawapita ng'ombe walewale.

"Ng'ombe tena!" Chiriku alipiga makofi. Aliamini kabisa gari limegeuzwa kwa ajili hiyo. "Asante, Mdomo!"

Mama Chiriku alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Aliweka sikio kwenye kifua cha mwanawe, akasikiliza kwa muda mrefu. Pumzi ilikuwa safi, inaingia na kutoka bila kikwazo.

"Geuza," alisema.

"Tena?"

"Tena."

"Wale ng'ombe watatuchoka," fundi alisema, akawasha taa ya pembeni.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya mawe, baridi, ikinukia kuni za zamani. Walifungua madirisha yote, wakala chakula chao, kisha wakashika njia ya maporomoko, fundi amembeba Chiriku mabegani, Mama Chiriku nyuma yao na sweta jekundu, barakoa zimebaki mfukoni kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja. Sauti iliwafikia kwanza, ngurumo inayotoka chini ya miguu. Halafu miti ikaachana, na maji yakawa mbele yao.

Yalishuka kutoka juu sana, meupe, mazito, yanaanguka bila kumalizika. Manyunyu yalipanda na kuwalowesha nyusi. Fundi alimteremsha mtoto. Chiriku alisimama kwenye majani, kichwa amekirudisha nyuma mpaka karibu aanguke, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakusema kitu. Akanyoosha mikono yote miwili juu, jinsi anavyofanya akitaka kubebwa.

Mama yake alimtazama. Mashavu yaling'aa kwa maji, kifua kile kidogo kilikuwa kikipanda na kushuka, kinavuta hewa ya mlima bila mpira, bila mashine, bila msaada wa mtu. Aliona kwamba maji yale, pamoja na ukubwa wake wote, hayakuwa ajabu kuliko hili. Akaketi hapohapo kwenye majani mabichi.

Fundi alikuja akapiga magoti mbele yake, akasema kitu.

"Nini?" alipiga kelele. Ngurumo ilimeza kila neno.

"Nimesema nataka kukuoa!"

"Kuoga?"

"Kukuoa! Wewe! Na Chiriku! Na bibi yake!"

"Na woga wangu?" alimsogelea sikioni. "Huo siuachi nyumbani, fundi. Kila akikohoa nitakuwa hivi hivi mpaka awe mtu mzima."

"Uje nao," alisema fundi. "Na mimi ninao wa kwangu. Utakaa na wako."

Mama Chiriku alimshika uso kwa mikono miwili, kidevu, mashavu, midomo, taratibu kama mtu anayehakikisha. "Ndiyo," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Fundi hakuisikia, ila aliiona ikitoka mdomoni mwake, akaelewa. Chiriku akaja akajipenyeza katikati yao, amelowa chapachapa, akaugeuza uso wa mama yake kwa nguvu ili naye atazame juu.

Wakatazama wote watatu.