Njia ya Kwenda Chole

Kitendawili! Natega: kila mtu anakiona kipana, hakuna aliyekipima kwa miguu. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Kisarawe. Nimekwenda, nimekula mihogo yake, nimerudi. Jibu ni bahari. Na bahari hiyo, wajukuu zangu, ndiyo iliyoikalia kitako posa ya Zena kule Dutumi, mwaka wa arobaini na tisa.

"Nakuuliza kwa mara ya tatu, bwana mdogo," alisema Mzee Mwinyijuma, baba yake Zena. "Kwetu mwanamke huzalia mimba ya kwanza kwa mama yake. Mwanangu akifika miezi saba, atatokaje huko visiwani Mafia aje hapa Dutumi?"

Mposaji, Zahoro, kibarua wa reli pale Soga, mzaliwa wa Chole ya Mafia, alijifuta jasho kwa kofia.

"Rahisi, mzee wangu. Kuna meli ya Dar es Salaam."

"Inakwenda lini?"

"Wakiamua wenyewe."

"Enhe."

"Kuna Kisiju. Mtu anakata Kisarawe kwa miguu, siku nne, anapanda mashua."

"Na tumbo lake?"

"Tutamtafutia punda."

Mama Mwanajuma, mke wa mzee, akacheka nyuma ya pazia. "Punda! Mjukuu wangu atazaliwa na kwato!"

"Basi Rufiji, mama. Mtumbwi unashuka na mto mpaka baharini."

"Na mamba?"

"Mamba wanaonekana kwa mbali."

Mzee akashusha pumzi. Posa hii ilikuwa imemchosha.

"Zena! Umesikia njia zake. Umekubali?"

Kimya.

Zahoro akatabasamu. "Alhamdulillahi. Kimya ni ridhaa."

"Hicho ni kimya cha mwari," mzee akamkatiza. "Huyu ameshaolewa, ameachika. Lazima aseme kwa mdomo wake."

Zena alikuwa kakaa tu huko ndani. Mume wa kwanza alimwambia, "Naenda Tanga, mwezi mmoja narudi." Akamngoja miaka miwili, ikaja talaka kwa barua. Alichoka na wanaume wa majibu mepesi.

"Bwana Zahoro," akasema, "wewe mara ya mwisho kwenda kwenu ulipita njia ipi?"

Zahoro akainama.

"Miaka tisa sijaenda."

"Mama yako yuko?"

"Alikufa. Nilipopata barua nilikwenda mpaka Kisiju. Mashua mbovu, inazibwa. Nikakaa siku kumi na moja, nikakata tamaa, nikarudi kazini. Kila mwaka nasema mwakani. Nikadhani nikiwa na mke, nitapata mtu wa kunivuta."

"Mie si kamba," Zena akajibu taratibu. "Nenda kwanza. Halafu uje utuambie."

"Na jibu lako?" akauliza baba yake.

"Bado, baba."

Mwezi wa pili tangu aondoke ikaja barua:

"Kwa Bibi Zena binti Mwinyijuma. Wasalaam. Nimefika. Kaburi la mama nimelikuta limeota nyasi, nimelipalilia. Dada zangu wamenitukana, kisha wakanipikia. Zahoro."

Zena aliisoma, akaikunja, akaenda kupalilia mpunga. Mama yake alimuuliza imesemaje. "Imesema kafika," basi.

Mwezi wa nne Zahoro akatokea uani, amekonda, kanzu ya kuazima, miguu imepasuka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Haya, njia ipi nzuri?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Kwenda nilipita Kisiju, mashuani nikatapika nyongo. Kurudi nilipita Rufiji, mtumbwi ukapinduka, nguo zote zimekwenda. Meli sikuiona hata moshi. Mwenye mimba hawezi, mzee. Niliwadanganya, na mwenyewe nilijidanganya."

"Sasa?"

"Sasa nikipewa mke nitakaa naye Soga, si mbali na hapa. Azae hapa kwa mama yake. Chole nitampeleka siku akitaka mwenyewe, na nitamwambia mapema kwamba atatapika."

"Huyu leo ndiyo kaposa," Mama Mwanajuma akanong'ona.

Mzee akageukia pazia, sauti imechoka.

"Zena, mwanangu. Umekubali?"

Mama akaacha kupepeta mpunga. Zena akalisogeza pazia kwa mkono, akaitazama ile miguu iliyopasuka.

"Nimekubali, baba. Mama, teleka maji, aloweke miguu."