Mafundo Saba kwenye Sweta la Kijivu

Shemeji yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche, na ndiye aliyefuma vizuri kuliko sisi wote. Wenzake kazini walimtania hadi wakachoka. Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, yeye, dada yangu na mimi tulikaa sebuleni na sindano zetu. Binti yao wa miaka sita, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, alituviringia uzi kuwa madonge.

Sufu halisi tuliipata kwenye masweta ya mitumba. Tuliyafumua, tukaufua uzi, tukafuma upya. Uzi ukikatika hatukupiga fundo, maana fundo hukwaruza ngozi. Sufu ina ujanja wake: unachambua ncha mbili, unazilowesha kwa mate, unazisugua viganjani mpaka zishikane. Mate yalikuwa kazi ya Chiriku, na aliifanya kwa maringo ya mtu mwenye cheo.

Sweta la kijivu nililileta mimi. Mimi, si mwingine. Lilikuwa dogo, la kumtosha mtoto mchanga, na tuliongeza sufu nyingine ili limtoshe Chiriku. Tulipolifumua tukakuta mafundo saba, yamekazwa hata kucha haiingii, tena mahali ambapo uzi haukuwa umekatika. Mtu aliyafunga makusudi.

"Fundi gani huyu wa hovyo?" dada akacheka.

Shemeji akayakata yote. Chiriku akatoa mate mara saba.

"Mama mdogo, uzi huu una chumvi," akaniambia. Nikamwambia aache porojo.

Jumapili kadhaa baadaye tukalimaliza, likamkaa Chiriku vizuri ajabu. Jioni alipotaka kulivua, likagoma. Halikumbana, mkono wangu ulipita kati yake na mgongo. Lakini tulipolivuta juu alipiga yowe kama tunamchuna ngozi.

"Tulifumue," shemeji akanong'ona.

Tulikuwa tumelianzia shingoni, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa pindoni. Dada akavuta uzi. Mistari ikaachia kwa ulaini mpaka kwenye kiungo cha kwanza cha mate. Kikaachana.

"Mama, miguu yangu iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, imening'inia kwenye kochi. Aliitazama kama ya mtoto mwingine.

Dada alipiga magoti akafuma upya mistari yote, machozi yakidondokea sindano. Miguu haikurudi. Asubuhi tulimpeleka kwa daktari. Alipoinua mkasi alikate sweta, Chiriku aliacha kupumua kabla haujamgusa. Daktari akaurudisha mezani, pumzi ikarudi. Akatuomba tumrudishe mtoto nyumbani.

Baada ya hapo sweta lilijifumua lenyewe. Hakuna aliyevuta. Uzi ulioachia hatukuuona sakafuni wala popote. Tulikaa kwa zamu, tukifuma pindoni kwa uzi wowote tuliokuwa nao. Tukifuma mstari mmoja, inaondoka miwili. Shemeji aliacha kazi. Vidole vyetu vilichubuka. Kile kilichokuwa starehe yetu ya Jumapili sasa nilikichukia, na sikuthubutu kukiacha.

Kiungo cha pili, mkono wa kulia. Cha tatu, wa kushoto. Cha nne, macho. Cha tano, Chiriku akanyamaza. Nilitoka uani nikalia kwa sauti, kwa sababu mle ndani kimya kilikuwa kingi mno. Cha sita, hakumeza tena.

Jumamosi adhuhuri, jua limejaa chumba kizima, ilibaki kola tu.

"Nichukue mimi," dada akanong'ona. "Tafadhali. Mimi."

Vitanzi vikaanza kuteleza. Kimoja. Kingine. Shemeji akavibana kwa vidole vyake vya chuma. Vikapita. Akabana tena. Vikapita. Chiriku akashusha pumzi. Hakuvuta nyingine.

Alikuwa amebaki na fulana yake tu.

Tulimzika. Wiki iliyofuata niliona mto wa kochi, pale alipokuwa akikaa, umebonyea. Niliugusa. Ulikuwa na joto. Shemeji akauchoma moto, akanunua mwingine. Kufika mchana na huo ukabonyea.

Nimewasihi wahame. Shemeji hanijibu siku hizi, na dada hataki hata kusikia. Kila mchana anakaa kando ya pale, anazungumza polepole, anasimulia habari za majirani.

"Ni mwanangu," ananiambia. "Ananisikia."

Jana alipokwenda jikoni nilipima kile kishimo kwa kiganja. Kiganja changu kilikifunika chote, kikakizidi. Aliyekaa pale ni mdogo kuliko Chiriku, mdogo sana, kiasi cha mtoto wa lile sweta kabla hatujalifumua. Dada aliporudi akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia napangusa vumbi.