Zeferino Ahama Mtaa wa Mabanda Bila Kuhama

Zeferino alikuwa kuli wa bandari ya Mtwara. Mchana alibeba magunia ya korosho. Jioni alichonga miti, kama baba yake alivyochonga kule Msumbiji.

Siku hizo nyumba ilikuwa kimya. Mkewe, Graca, alikuwa amekwenda kwao Mpapura na mtoto wao mchanga, aliyekuwa akiharisha kila mara.

"Sirudi mtaa wa mabanda," Graca alisema alipoondoka. "Nitarudi kwenye nyumba ya heshima."

Zeferino akawaza. Kule Mikindani, nyumba za heshima zina milango ya nakshi. Basi akachonga mlango wa mninga, una maua, una samaki. Alipomaliza, ilionekana nyumba ndiyo imeegemea mlango.

Graca akaja kuona. Akaduwaa. "Mama wee! Mlango gani huu!"

Akasogea karibu. Mara mguu wake ukazama kwenye maji machafu yaliyotuama mbele ya nyumba.

"Zeferino! Uchafu ndio umeuwekea mlango!" Akageuka kuondoka, mtoto mgongoni.

Jirani yao Somoe, mhudumu wa zahanati, alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. "Ngoja, shoga. Shemeji, hebu niambie, mtaa wa mabanda ni nini?"

"Si nyumba za udongo na makuti? Za sisi maskini."

"Siyo! Mimi nimezaliwa kwenye udongo na makuti, na palikuwa safi. Mtaa wa mabanda ni mahali watu wamebanana, vyoo hakuna, taka zimezagaa, maji machafu hayana pa kwenda. Hapo ndipo watoto wanapougua. Na neno hilo litumie kwa mahali, si kwa mtu. Ukimwita mtu wa mabanda umemtukana tu, na choo bado hakijachimbwa."

"Kumbe nimechonga bure?"

"Hukuchonga bure, shemeji. Nzi wanaingia kwa heshima."

Hata Graca akacheka. Kisha akasema, "Choo kikiwa tayari, niite."

Zeferino akachimba choo mbali na kisima, akakiwekea mfuniko. Akachimba mfereji wa maji machafu, akafukia taka. Majirani walianza kwa kumtania, wakamaliza kwa kuazima jembe lake.

Graca akarudi. Akachemsha maji ya kunywa, na kila mtu akanawa mikono kwa sabuni. Mtoto akaacha kuharisha, akanenepa.

Siku moja dereva wa lori akapotea njia. "Mama, mtaa wa mabanda uko wapi?"

Graca akamtazama. "Ulikuwa hapa, baba. Umechelewa."