Hereni Mbili za Jike la Barafuni

"Shoga, kaa kwanza," jirani yangu Shadya, muuza samaki, aliniambia, sahani ya samaki wa kukaanga bado iko mkononi. "Mkweo kashavisha mwanamke mwingine huko alikokwenda."

"Kavisha nini?"

"Hereni. Tena mbili. Mwenyewe miaka ishirini na tano, kilo sitini, na tumbo juu."

"Nani kasema?"

"Zubeiri mwenyewe. Nilikuwa Kigombe nachukua samaki, Ayubu binamu yake akawa anasikiliza sauti yake kwenye simu. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Mimi naitwa Zuleha, nakaa Usagara hapa Tanga. Shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea mahali. Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa wale wenye mabinti walioposwa.

Binti yangu Rahila ni fundi cherehani. Kaposwa na Zubeiri wa Kigombe, kijana aliyesomea mambo ya samaki chuoni. Akapata kazi ya utafiti kwenye meli ya uvuvi, chini kabisa ya dunia kwenye bahari ya barafu. Miezi minne, kisha arudi, ndoa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Huko simu haishiki ila kwa bahati, Rahila akawa anasubiri tu na kushona.

Maneno ya Shadya yalinikaa siku tatu. Nikipepeta mchele nasikia kilo sitini. Nikisimama kusali nasikia tumbo juu. Kwetu mwanamume hamvishi mwanamke hereni kwa mchezo. Ningemuuliza Rahila, au ningempigia Ayubu. Sikufanya hivyo.

Siku ya nne Rahila aliingia kuoga, simu kaiacha juu ya cherehani. Namba zake za siri nazijua. Nikaandika:

"Zubeiri nimefikiri sana. Usinitafute tena. Nimepata mtu mwingine."

Nilidhani ujumbe utakaa huko siku nyingi. Jibu likaja maji ya kuoga bado yanamwagika.

"Rahila, ndiyo kwanza tumeingia bandari ya Cape Town, nawasha simu nakutana na hili. Sawa, sitakusumbua. Meli inarudi barafuni keshokutwa na wanataka mtu wa kubaki. Nilikataa kwa ajili yako. Sasa nitakubali."

Nikafuta ujumbe wangu, nikafuta na jibu lake. Rahila akatoka anajifuta nywele.

"Mama, simu imelia?"

"Haijalia."

Kesho yake nikafunga kanga za posa na mkufu wao kwenye mfuko, nikaenda Kigombe kurudisha. Nikamkuta Ayubu anapima pweza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yake Zubeiri yupo? Nimekuja kurudisha vitu vyenu. Mkamvishe huyo wa hereni."

"Wa hereni yupi?"

"Usinifanye mjinga Ayubu. Huyo mwenye kilo sitini."

Ayubu alinitazama, akamweka pweza chini, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

"Mama, nani kakuletea hayo?"

"Unacheka nini wewe?"

"Ngoja usikie mwenyewe." Akafungua simu. Nikaisikia sauti ya Zubeiri, na upepo nyuma yake:

"Ayubu, nduguyo leo nimevisha hereni mbili. Jike la nguvu, kilo sitini, kwa urefu wake namkisia miaka ishirini na tano. Tumbo hilo limejaa mayai. Nimempima, nimemrudisha majini, kaondoka hata hakuaga. Mungu akipenda tutamkamata tena mwakani."

"Mayai?" nikauliza.

"Samaki, mama. Tazama picha."

Lilikuwa samaki kubwa mfano wa chewa, domo wazi, na Zubeiri kalikumbatia kavaa makoti kama godoro. Mgongoni mwa samaki mna vijiti viwili vyembamba vya plastiki.

"Si umeona ng'ombe wa siku hizi wanavyotiwa hereni? Ndiyo hizohizo. Wakimvisha wanamwachia."

"Shadya kaniambia tumbo juu."

"Shadya alikuwa anabishana na muuza dagaa. Kasikia nusu."

Nikamuuliza meli inaondoka lini.

"Kesho asubuhi. Lakini Zubeiri anashuka, si anarudi kuoa?"

Nikaokota mfuko wangu nikageuza.

Nyumbani nikamkuta Rahila anatia lesi kwenye gauni. Gauni lenyewe lilikuwa lake la ndoa. Nikasimama mlangoni.

"Mwanangu, zima cherehani."

"Nimalizie mstari huu."

"Zima. Nimekuharibia."

Nikamwambia lote, tangu sahani ya Shadya mpaka kufuta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umemwandikia nina mwanamume mwingine?"

"Ndiyo."

"Kwa jina langu?"

"Ndiyo mwanangu."

"Na yeye kaamini," akasema polepole. "Kaamini kwa sababu imetoka kwangu."

Akachukua simu. Ikaita, ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, naye akaweka sauti kubwa, nadhani makusudi, nisikie nilichokifanya.

"Unasemaje Rahila," Zubeiri alisema, kavu.

"Ujumbe ule si wangu."

"Umetoka kwenye simu yako."

"Kaandika mama. Kaambiwa umemvisha hereni mwanamke mwenye mimba."

Nikasikia mtu anavuta pumzi, kisha kama kikohozi, kisha nikajua ni kicheko kinachozuiwa.

"Yule wa kilo sitini?"

"Huyohuyo. Usicheke, mimi sijafika kwenye kucheka. Umetia saini?"

"Nimetia. Karatasi ninayo hapa, wanaichukua saa kumi."

"Ichane."

"Rahila..."

"Ichane nisikie."

Tukasikia karatasi inachanika. Mara moja, halafu tena na tena, vipande vidogo. Rahila akafunika uso kwa lesi akalia, na mimi nikalia nyuma yake. Nilijihisi kama niliyetua ndoo baada ya mwendo mrefu.

"Mama yupo?" Zubeiri akauliza. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila uniulize mimi siku nyingine."

"Basi nakuuliza sasa. Samaki anavishwa hereni ya nini?"

"Una mchele hapo? Mimina kwenye sufuria bila kuupima, tia kunde hamsini, changanya sana. Kisha chota bakuli moja, hesabu kunde ngapi zimerudi."

Nikachota. Zikarudi kunde tano.

"Tano katika hamsini ni sehemu ya kumi. Basi bakuli lako ni sehemu ya kumi ya mchele wote, na umeujua wote bila kuupima. Sisi tunavisha samaki, tunawaachia, mwakani tunaangalia wangapi wenye hereni wamerudi kwenye mitego. Ndiyo tunajua wamo wangapi, na meli zinaambiwa vueni kiasi hiki, msizidishe."

"Bahari yote ile, mzidishe wapi?"

"Yule anakua taratibu mno, mama. Jike halizai mpaka lipite miaka kumi na kitu. Ukimaliza wakubwa leo, wajukuu zako hawamkuti."

Nikamwambia hilo nimelielewa, kwani pweza wa Kigombe nao hawako kama nilivyokuwa msichana.

Zubeiri alishuka. Ndoa ilifungwa Mfungo Mosi, Ijumaa. Kabla ya hapo Rahila alinikasirikia wiki mbili nzima, ananisalimia na kunipa chai, basi. Wiki ya tatu akaniomba nimshikie pindo la gauni, nikalishika mpaka mikono ikafa ganzi. Namshukuru Mungu. Ingechelewa saa chache tu, nisingekuwa na la kumwambia.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usishike simu ya mwanao, hata ukijua namba za siri.

Usiandike kwa jina la mtu mwingine.

Usibebe neno lililosikiwa sokoni, watu wanabishana bei.

Usirudishe posa kabla hujamuuliza aliyeposa.

Usimwache mwanao ashone gauni huku unajua jambo asilolijua.

Na ukiwa umeshakosa, usilale nalo. Sema siku hiyohiyo.